Msijenge Daraja, Endeleeni Kulipima

Kwa Mkurugenzi Mkuu,
Mfuko wa Kuinua Maeneo Yaliyoachwa Nyuma.

Ndugu Mkurugenzi,

YAH: PINGAMIZI DHIDI YA KUJENGWA KWA DARAJA AMBALO LIMEPIMWA VIZURI KWA MIAKA KUMI NA TISA

Nianze kwa kuomba radhi. Barua yako ilinifikia miezi minne iliyopita, nami sijaijibu hadi leo. Mtu aliyefundisha uandishi wa barua kwa miaka thelathini na minne hana udhuru wa kukaa kimya namna hiyo, na mwanafunzi wangu angenifanyia hivyo ningemsimamisha nyuma ya darasa mpaka kengele ya mwisho. Ukimya wangu haukutokana na maradhi wala dharau. Ulitokana na mshtuko.

Tangu daraja letu la zamani lisombwe na mafuriko, ofisi yako imetuandikia barua thelathini na moja. Zote ninazo, zimepangwa kwa tarehe ndani ya kopo la biskuti. Barua thelathini zinasema: "Suala lenu linashughulikiwa." Tumeizoea sentensi hiyo. Ina kiima, ina kiarifu, na haijapata kumdhuru mtu. Hii ya thelathini na moja ndiyo iliyonilaza kitandani siku mbili. Inasema, nami nainukuu baada ya kuisahihisha: "Daraja lenu limeidhinishwa. Ujenzi utaanza mara fomu ya ridhaa iliyoambatishwa itakaporejeshwa ikiwa na saini ya mwenyekiti wa kamati. Isiporejeshwa ndani ya miezi mitano, mradi utahamishiwa eneo jingine."

Mwenyekiti wa kamati ni mimi. Kalamu ninayo, na wino umo. Saini sijaweka, na zimebaki wiki tatu.

Nadhani mmechukua hatua hii bila kufikiri. Kwa heshima zote, malalamiko yangu ni haya.

1. Mnatuondolea kazi.

Mfuko wako, kwa mujibu wa karatasi zake wenyewe, una malengo mawili: miundombinu na ajira. Kuhusu miundombinu sina la kusema, kwa kuwa hatuna. Kuhusu ajira, ni vyema ujue kwamba hakuna kiwanda, shamba wala ofisi katika mji wetu iliyowahi kuajiri watu wengi kama daraja hili ambalo halipo.

Mchukue Fundi Kigingi. Zamani alikuwa seremala wa vitanda, na niseme kweli, vitanda vyake vilikuwa vikilia kuliko watoto waliolazwa juu yake. Wapimaji walipokuja mara ya kwanza walimwagiza vigingi mia mbili, ncha chini, rangi nyekundu juu. Tangu siku hiyo hajagusa kitanda. Kila awamu ya upimaji huhitaji vigingi vipya, kwa sababu vya awamu iliyopita huwa vimekwisha kupata kazi nyingine: vimefungiwa mbuzi, vimeanikiwa nguo, vimezuia milango isigonge. Ipo nyumba moja hapa mtaani ambayo uzio wake wote ni vigingi vyenu, na kila kimoja kina namba ya daraja. Usiniulize ni nyumba ya nani. Uzio umenyooka.

Mchukue Mama Mapazia, mwenye nyumba ya wageni ya vyumba vinne. Wataalamu wakitarajiwa hubadilisha mapazia yote. Akibadilisha mapazia, fundi cherehani hupata kazi. Fundi cherehani akipata kazi, mwenye bucha huuza. Mama Mapazia akiulizwa habari za biashara husema hivi, nanukuu bila kusahihisha: "Mwalimu we, mimi sili kwa mto wala sili kwa daraja. Nakula hapo katikati, wanapojikuna vichwa."

Halafu yuko Mita. Jina lake la ubatizo wa mtaani ni hilo, na hata mkewe humwita hivyo. Kazi yake ni kushika ncha ya kamba ya kupimia. Haivuti, haisomi, wala haandiki kilichosomwa; anaishika tu, hapo ukingoni mwa maji, huku bwana mpimaji akirudi nyuma na upande wa pili wa kamba hadi kwenye kigingi cha mwisho. Ameishika kwa miaka kumi na tisa kama kibarua wa muda. Alipokwenda kuposa, baba wa binti alimwuliza:

"Kijana, unafanya kazi gani?"

"Niko kwenye daraja, mzee."

Mzee akachungulia dirishani kuelekea mtoni. "Daraja lipi?"

"Ndilo hilo tunalolipima."

Mzee akarudisha kichwa ndani, akasema: "Basi kazi hiyo haiishi leo wala kesho. Mchukue."

Hivi sasa Mita ana watoto watano, wote wamelelewa kwa ncha ya kamba. Daraja likijengwa, Ndugu Mkurugenzi, atashika nini?

2. Mnaupoteza ujuzi wetu.

Mlipotuma watu kutusikiliza kwa mara ya kwanza, hatukujua namna ya kusikilizwa. Mwenye bucha alisimama, akasema, "Tunataka daraja," akaketi. Mkutano ulimalizika kwa dakika nne. Wageni waliona haya, maana walikuwa wametengewa siku tatu.

Tulijirekebisha. Leo mji wetu unaweza kusikilizwa kwa juma zima bila kurudia neno. Fundi cherehani ndiye Sauti ya Akina Mama. Anazo hotuba tatu: fupi, ya wastani, na ile yenye machozi. Katika awamu ya tisa nilimwuliza, kwa nafasi yangu ya uenyekiti, kama angetoa ile ya tatu. Alinitazama juu ya miwani akajibu: "Kwani amekuja mkubwa yeyote? Kama ni hawa wadogo wadogo, leo naongea kavu."

Mwenye bucha naye amepiga hatua kubwa mno. Mwezi uliopita mke wangu alikwenda kununua maini. Zamani angeambiwa, "Yamekwisha, mama, njoo kesho." Safari hii aliambiwa: "Kuna changamoto katika upatikanaji wa maini, lakini tunaendelea kuwashirikisha wadau." Mke wangu alirudi na kapu tupu, lakini akiwa ameelimika.

Ujuzi wa namna hii hauokotwi barabarani. Daraja likisimama hakuna atakayekuja kutusikiliza tena, na maneno haya yote tutamwambia nani? Mbuzi?

3. Mnatushusha hadhi.

Pengine unadhani kuwa nyuma ni jambo jepesi, mtu anakaa tu akaachwa. Sivyo. Sisi tumefanya kazi.

Naomba ukumbuke kosa letu la awali, ambalo liko katika mafaili yenu. Sisi ni watu wenye haya. Mgeni hatoki mbali namna ile ukamwonyesha shimo. Kwa hiyo wataalamu wa kwanza walipotangaza ujio wao, watu wazima kumi na wawili walikata magogo matatu marefu, wakayalaza kutoka ukingo wetu hadi kwenye jiwe kubwa lililo karibu na katikati ya mto, wakafunga kamba ya kujishikia, na Mama Mapazia akatandika zulia lake la sebuleni. Lengo lilikuwa wageni wasimame juu ya maji kwa raha, waone vizuri mahali ambapo daraja halipo.

Walisimama. Walipiga picha. Walitushukuru sana. Kisha wakaandika ripoti: "Daraja lipo. Linatumika. Lina zulia."

Kwa miaka minne tulikuwa na daraja katika vitabu vyenu. Magogo yalisombwa juma la pili, pamoja na zulia, lakini vitabu havisombwi. Mlituma hata mkaguzi kulikagua. Bwana yule alisimama ukingoni kutwa nzima, akatazama maji, akatutazama sisi, akatazama karatasi yake, na jioni akaandika: "Halikuonekana kuwa na nyufa." Alikuwa mtu mwaminifu, hakuongeza neno.

Kutokana na somo hilo tuliweka utaratibu. Wageni wakikaribia, kamati hupita nyumba kwa nyumba kuondoa chochote kinachoweza kueleweka vibaya. Mwenye redio mpya huifunika kwa shuka. Mama Mapazia huzima taa moja kati ya mbili. Ubao ulio juu ya mfereji wa shule huondolewa kwa muda, usije ukahesabiwa. Sisemi uongo katika jambo hili, maana uongo niliwachapia wengine. Tunauondoa tu ukweli unaochanganya.

Matunda yake ni kwamba kwa miaka minane mfululizo mji wetu umeshika nafasi ya kwanza katika orodha ya maeneo yaliyoachwa nyuma. Tunawapita hata jirani zetu wenye zahanati isiyo na paa. Jirani hao wanatuonea kijicho. Mwaka juzi walijaribu kutupita kwa kuangusha choo cha soko lao, lakini waliangusha baada ya wapimaji kuondoka. Ujinga nao ni mzigo.

Sasa piga hesabu yako vizuri. Daraja likijengwa, tunashuka katika orodha. Tukishuka, utafiti wa kisima unaondoka. Utafiti wa kisima ukiondoka, uchunguzi wa awali wa zahanati unaufuata, na tathmini ya soko haiwezi kubaki peke yake kama mjane. Kwa ufupi, daraja moja litatuletea umaskini ambao miaka kumi na tisa bila daraja imeshindwa kuuleta.

4. Mnavuruga amani ya familia.

Mto wetu si mpana, lakini ni mkali. Maji yake yanakwenda mbio juu ya mawe na hayakubali mtumbwi wala kuogelea. Daraja la zamani liliposombwa, kila familia ilijikuta nusu huku, nusu ng'ambo. Mwanzoni tulilia. Baadaye baadhi yetu tuliona faida. Mama mkwe wa mwenye bucha yuko ng'ambo, na kila mvua inaponyesha mwenye bucha huingia dukani akisugua viganja: "Maji yameongezeka, Mwalimu! Mungu si wa mtu mmoja!"

Nije sasa kwenye jambo linalonihusu mwenyewe, usije ukadhani napigania matumbo ya watu tu.

Dada yangu mkubwa yuko ng'ambo. Ana miaka themanini na mmoja, nami nina sabini na minne. Ndiye aliyenifundisha kuandika, kwa kaa la jikoni, juu ya mlango wa chumba cha baba, na ndiye aliyechapwa kwa sababu ya mlango huo. Aliolewa upande ule wakati daraja la zamani lipo, mwendo wa dakika kumi kutoka kwangu. Sasa ili nimfikie inanibidi nizunguke kupitia mji mkuu: mabasi mawili, lori moja, siku mbili. Mara ya mwisho nilifika miaka sita iliyopita. Baada ya hapo daktari wangu alinikataza kwa ajili ya magoti, na yeye daktari wake alimkataza kwa ajili ya moyo. Hata madaktari wetu, kama unavyoona, wametenganishwa na mto.

Lakini hatukushindwa. Kila Jumamosi saa nne asubuhi yeye huketi ukingo ule, juu ya kigoda cha kukunja kilichosahauliwa na wapimaji wa awamu ya sita, nami huketi ukingo huu, juu ya jiwe. Tunazungumza kwa kupaza sauti. Kwa kuwa mto una kelele, sentensi lazima ziwe fupi.

"Umekula?"

"Nimekula!"

"Magoti?"

"Yapo!"

"Haya!"

Nimesahihisha insha maelfu, na sijapata kuona lugha iliyokatwa mafuta kama hiyo. Tena kuna faida kubwa zaidi. Zamani, tulipokuwa tukitembeleana, tulikuwa tukigombana kila mara kuhusu saa ya ukutani ya marehemu baba, ambayo aliichukua yeye wakati kila mtu anajua kwamba niliahidiwa mimi. Tangu tuanze kuzungumza mtoni hatujagombana hata mara moja, kwa sababu ugomvi unahitaji sentensi ndefu.

Tangu mvua za mwaka jana sauti yake haifiki tena. Anafungua kinywa, na mto unajibu kwa niaba yake. Masikio yangu nayo si yale. Kwa hiyo tumebadilisha utaratibu. Mimi nauliza, yeye anapunga kitambaa cheupe. Mara moja maana yake amekula. Mara mbili maana yake magoti yanasumbua. Majuma matatu yaliyopita alipunga mara tano, na hatujawahi kukubaliana juu ya mara tano. Niliuliza tena; akapunga mara tano tena, kisha akakunja kigoda akaenda zake, na kila Jumamosi tangu hapo ni vivyo hivyo. Nimeliwaza jambo hilo majuma matatu. Nimempa mke wangu dhana saba, naye amezikataa zote.

Hivyo unaona mwenyewe, Ndugu Mkurugenzi, kwamba mawasiliano yetu ni mazuri kabisa na hayahitaji daraja.

5. Mapendekezo.

Mimi si mtu wa kulalamika bila kupendekeza. Kamati inakuomba uchague mojawapo kati ya haya:

(a) Endeleeni kulipima. Kazi hiyo, kwa haki, haijakamilika. Ripoti ya awamu ya tatu inasema mto una upana wa mita sitini na nne. Ya saba inasema sabini na moja. Ya kumi na moja inasema hamsini na nane. Mto ni uleule, na aliyeshika ncha ni Mita yuleyule. Sharti mjenge kitu ambacho mna hakika kwamba kitafika upande wa pili.

(b) Badala ya daraja, tujengeeni Chuo cha Taifa cha Kupima Madaraja. Mahali pengine popote duniani wanafunzi wangechelewa kujifunza, kwa sababu wapimaji wa huko huishia kujenga. Hapa kwetu mwanafunzi anaweza kuanza mwaka wa kwanza hadi akastaafu. Mita yuko tayari kufundisha.

(c) Ikiwa sheria inawalazimu kujenga, jengeni daraja kwenye uwanja wa mpira. Hakuna mto pale, kwa hiyo kazi itakuwa rahisi na nguzo hazitalowa. Kiongozi atakayekata utepe hatachafua viatu. Tutalitembelea, tutalisifu, na hakuna hata mtu mmoja atakayepoteza kazi, isipokuwa golikipa.

(d) Na ikiwa hapana budi liwe mtoni, basi mjenge robo tatu yake tu, mwanzie upande wetu, na robo iliyobaki waachiwe wajukuu wetu wawe na kitu cha kupima. Pendekezo hili nimelifikiria zaidi ya mengine. Mtu mzima akitembea hadi mwisho wa robo tatu, na mwenzake akaketi ukingoni upande ule, nafasi kati yao itakuwa mita kumi na tano au kumi na sita. Kwa umbali huo hata sauti dhaifu inasikika. Mtu anaweza kuuliza swali, kwa mfano kuhusu mara tano, na akapata jibu kamili.

Hayo ndiyo yaliyonisukuma kukuandikia. Kamati itaketi Jumatatu chini ya uenyekiti wangu kuamua kuhusu saini, na kwa kuwa wajumbe wote watatu wameajiriwa na daraja, natarajia majadiliano mafupi. Nakuahidi kwamba uamuzi utakapofikiwa nitakuandikia bila kuchelewa, si kama safari hii.

Nisalimie wahandisi wote wa awamu zote kumi na moja, hasa yule mrefu aliyetumbukia kwenye mfereji wa shule siku tulipouondoa ule ubao. Mwambie kwamba tuliuona uvumilivu wake. Msalimie dereva anayekunywa chai bila sukari. Mpe mkono karani anayepiga chapa barua zenu. Miaka kumi na tisa ya "linashughulikiwa" bila kukosea hata herufi moja ni kazi iliyotukuka. Barua yako ya mwisho, ambayo bila shaka aliipiga mtu mwingine, ninairudisha pamoja na hii. Makosa matatu nimeyazungushia wino mwekundu. Yasahihishe mara tano kila moja.

Mke wangu anakusalimu. Mita anakusalimu kwa mkono wa kushoto, kwa kuwa wa kulia anautunza kwa ajili ya kamba.

Ni mimi, niliye tayari kupimwa tena,

Mwalimu Mstaafu,
Mwenyekiti wa Kamati ya Kupokea Wataalamu wa Daraja.

Nyongeza: Barua hii nilikwisha kuifunga. Lakini leo ni Jumamosi, na njia ya kwenda posta inapita mtoni, kwa hiyo nikapitia.

Dada yangu alikuwa ameketi kwenye kigoda chake. Mapajani ana begi kubwa jekundu, limefungwa kwa kamba mbili, na juu ya begi kuna kitu cha mviringo kilichofunikwa taulo. Kumbe habari ya barua yako ilivuka mto zamani. Fundi cherehani anaye shoga yake ng'ambo, na wawili hao hawajawahi kuhitaji daraja. Kando ya dada alisimama mpiga mnada wa soko la ng'ambo, mwenye sauti ya kupasua mawe. Amemwita makusudi.

"Mwalimu!" akanguruma. "Dada yako anauliza, umesaini?"

Mimi sisemi uongo. Nikajibu: "Mwambie bado natafakari!"

Mpiga mnada akainama, akasikiliza, akasimama wima. "Mwalimu! Alilosema siwezi kulinadi mbele za watu!"

Nikamwambia amwulize maana ya kupunga mara tano. Akainama tena. Safari hii alikawia.

"Anasema mara tano maana yake: nimechoka kupunga!"

Watu walikuwa wamekwisha kujaa kingo zote mbili, na wakacheka. Nami nikacheka, nadhani. Kisha akaongeza: "Na anasema saa ya baba anakuja nayo, mkagombane vizuri, mmekaa!"

Hapo Mita, ambaye hakuna aliyemwita lakini alijua kwamba fomu imo mfukoni mwangu, akageuka akaniinamishia mgongo wake kama meza. Nilimwuliza kama anaelewa kwamba hiyo ni kazi yake inayokwenda na maji. Akasema, na mgongo ukatikisika fomu isiandikike: "Mwalimu, miaka kumi na tisa nashika ncha ya huku. Na mimi nataka siku moja niishike ya kule." Mama Mapazia alisema wajenzi nao hulala, na hulala muda mrefu kuliko wapimaji. Fundi cherehani alikuwa analia bila mkubwa yeyote kuwapo. Mwenye bucha peke yake ndiye aliyeomba kuwe na majadiliano zaidi na wadau, akazomewa kwa jina la mama mkwe wake.

Kwa hiyo uamuzi umefikiwa, na ahadi yangu ya kukuandikia naitimiza hapa hapa. Fomu imo ndani ya bahasha hii. Saini imekwenda upande, kwa sababu mgongo wa Mita si dawati. Malalamiko ya kwanza hadi ya nne uyahesabu kuwa hayakuandikwa, na pendekezo la (d) ulisome kama robo nne. Vigingi msiagize, uzio wangu nimeanza kuung'oa.

Ombi langu ni moja. Anzieni upande wake. Mimi naweza kusubiri mfike katikati. Yeye ameshafunga begi.